Hesabu za Nyumbani: Jarida la tabuleti na mzigo wa mwaka wa pili

Miongoni mwa barua zilizonifikia majuma mawili yaliyopita imo moja iliyonikalisha kitako. Imetoka kwa mama mmoja wa mtaa wa Umoja hapa Nairobi, ambaye mwanawe yuko mwaka wa tatu chuoni. Kijana huyo na wenzake wawili huchapisha jarida la wanafunzi mara tatu kwa mwaka, na sasa wanataka kuachana na karatasi na kuligeuza jarida lao kuwa apu ya tabuleti. Wameomba shilingi 600,000. Mama amekwisha kuzungumza na chama chake cha akiba na mikopo, na wadhamini wamepatikana. Swali lake kwangu ni fupi: hesabu ya kijana huyu inasimama au haisimami?

Ameniambatishia hesabu yenyewe. Ni ukurasa mmoja, umepigwa chapa vizuri. Fundi wa kutengeneza programu, 450,000. Kulitangaza jarida, 80,000. Tabuleti mbili za kufanyia majaribio, 50,000. Dharura, 20,000. Jumla 600,000, na hakuna senti iliyopotea njiani. Upande wa mapato wameandika kwamba kila toleo litauzwa shilingi 100, kwamba toleo la kwanza litanunuliwa na watu 200, na kwamba kufikia mwisho wa mwaka wa pili kila toleo litakuwa na wanunuzi 2,000. Wanunuzi hao watatoka wapi? Hapo karatasi imenyamaza.

Kabla hatujawacheka, tuwape heshima yao. Jarida lao la karatasi linajilipia, jambo ambalo wakubwa wengi wa biashara ya magazeti wangelionea wivu. Wanachapisha nakala 800 kwa shilingi 95 kila moja, yaani 76,000. Wanauza nakala 600 kwa shilingi 150 na kupata 90,000. Mwenye duka la kutoa nakala karibu na lango la chuo, pamoja na saluni mbili, wanalipia matangazo ya 40,000. Wakishamlipa mpiga chapa wanabaki na 54,000 kwa kila toleo, au 162,000 kwa mwaka. Waandishi wanalipwa soda, lakini hilo ni la siku nyingine.

Sasa, tofauti kubwa kati ya karatasi na apu haimo katika bei. Imo katika wakati ambapo gharama inakufikia. Jarida la karatasi ni kama maandazi: unga wa leo ni wa maandazi ya leo, na ukiona wateja wamepungua, kesho unakanda unga kidogo. Apu ni kama kununua matatu. Fedha nyingi zinatoka kabla abiria wa kwanza hajaketi, na baada ya hapo kuna bima, magurudumu, mafuta na fundi, hata siku ambayo gari limesimama stejini likiwa tupu. Vijana wetu wameandika bei ya matatu. Fundi na magurudumu hawakuandikwa.

Wala si wao wa kwanza. Tukio la kufanana na hili liliwapata watu wenye uzoefu mkubwa kuliko wanafunzi wa chuo. Huko Marekani kuna jarida la sayansi na ufundi liitwalo Technology Review, la chuo maarufu cha MIT, lililoanzishwa mwaka wa 1899. Apple walipoanza kuuza tabuleti yao ya iPad mwezi wa Aprili 2010, wachapishaji wa magazeti na majarida walishangilia kana kwamba mvua imenyesha baada ya kiangazi. Waliamini kwamba msomaji aliyezoea kusoma bure katika intaneti angerudi kulipa, na wenye matangazo wangelipa kama zamani. Technology Review nao wakaingia, na apu yao ikatoka Januari 2011.

Mwezi wa Mei 2012, Jason Pontin, aliyekuwa mhariri mkuu na mchapishaji wake, aliandika waziwazi yaliyotokea. Walitumia dola 124,000 kuwalipa watu wa nje wawatengenezee programu. Kupitia iPad walipata wasomaji wa kujisajili 353. Chukua kalamu ugawanye: kila msomaji aligharimu dola 351 hivi za programu peke yake, kabla ya mshahara wa mhariri wala picha ya jalada. Kwa kima cha karibuni cha shilingi 130 hivi kwa dola, zile dola 124,000 ni zaidi ya shilingi milioni 16.

Pontin alitaja jambo moja ambalo lazima vijana wa Umoja walisome mara mbili. Tabuleti hushikwa wima, na pia hulazwa ubavu. Ukurasa uliopangwa vizuri kwa kuusimamisha unavurugika ukiulaza. Kwa hiyo msanifu wa kurasa alilazimika kupanga jarida mara mbili kwa ajili ya tabuleti, juu ya mpango wa karatasi na ule wa tovuti. Kazi ya mtu mmoja ikawa kazi ya watu wawili, na si mara moja tu, bali kila toleo. Aliongeza kwamba watu walizozana ofisini na wengine wakaacha kazi. Mwishowe waliamua kuachana na apu ya namna hiyo na kutegemea tovuti ambayo kurasa zake zinajipanga zenyewe kulingana na ukubwa wa kioo.

Pengine utasema hao ni wasomi wa chuo, biashara hawaijui. Basi tumtazame mtu aliyezaliwa ndani ya magazeti. Tarehe 2 Februari 2011, mjini New York, Rupert Murdoch alizindua gazeti la kila siku liitwalo The Daily, lililotengenezwa kwa ajili ya iPad na halikuwa na nakala ya karatasi hata moja. Alisema wametumia dola milioni 30 kufikia siku ile, na kwamba kuliendesha kungegharimu dola 500,000 kwa juma. Bei kwa msomaji ilikuwa senti 99 kwa juma, au karibu dola 40 kwa mwaka.

Lilipata wasomaji wa kulipia wapatao 100,000. Idadi hiyo si mchezo! Lakini Apple huchukua asilimia 30 ya malipo yanayopitia dukani mwao, kwa hivyo katika senti 99 zinabaki senti 69 hivi. Hata tukichukulia kwamba wote 100,000 walilipa bei ya juma, ambayo ni ghali kuliko ya mwaka, ni dola 69,300 dhidi ya gharama ya dola 500,000. Bila matangazo, gazeti lingehitaji zaidi ya wasomaji 720,000 ndipo lisimame bila faida wala hasara. Mwezi wa Julai 2012 wafanyakazi 50 waliachishwa kazi, na tarehe 15 Desemba mwaka uo huo likafungwa. Halikumaliza miaka miwili.

Kuna mtego mwingine, nao unawanasa sana vijana kwa sababu una sura nzuri: umati wa siku ya kwanza. Jarida la Wired lilipotoa apu yake Mei 2010, toleo la kwanza lilinunuliwa mara zaidi ya 100,000. Wachapishaji wengine walikimbia kwa mafundi wao na kuagiza ya namna ile ile. Kufikia mwisho wa mwaka huo, Wired walikuwa wakiuza nakala elfu 20 na kitu hivi kwa toleo. Watu walikuwa wamenunua kitu kipya cha kuonyeshana. Walipokwisha kukiona, wengi hawakurudi. Ndiyo sababu sipendi bajeti inayopanga mwaka mzima kwa kutazama shangwe ya uzinduzi.

Toleo lile la Wired lilikuwa pia zito, zaidi ya megabaiti 500, maana kurasa zake zilihifadhiwa kama picha. Halafu Machi 2012 Apple wakatoa iPad yenye kioo kikali zaidi, chenye nukta mara nne ya kile cha zamani. Kurasa zilizopendeza jana zikaonekana zimefifia, na waliotaka zing'are walilazimika kutengeneza picha kubwa zaidi. Mafaili yakavimba. Mchapishaji hakukosea neno, wala hakubadili bei. Kampuni nyingine ilibadili kioo, naye akaongezewa kazi. Kwa msomaji wa hapa Nairobi anayenunua bando kwa kipimo, megabaiti 500 ni bei ya pili ya jarida, tena haimfikii mwandishi hata senti moja.

Kioo kando, duka lenyewe linahama. Oktoba 2011 Apple walianzisha kibanda maalumu cha majarida ndani ya iPad kilichoitwa Newsstand, na wachapishaji wakatengeneza apu zao upya ili ziingie humo. Septemba 2015 kibanda hicho kikaondolewa. Wenye gazeti la Financial Times la London waliyaona mapema: hawakutaka kugawana malipo, na zaidi ya hayo hawakutaka Apple ndio wawe na majina ya wasomaji wao. Juni 2011 wakatoa gazeti lao katika tovuti iliyofanya kazi kama apu, na Agosti apu yao ikatoka dukani.

Je, hakuna aliyefaulu? Yupo, na mfano wake ndio ninaoupenda kuliko yote. Oktoba 2012 Marco Arment, fundi wa programu, alianzisha jarida lililoitwa kwa urahisi tu The Magazine. Lilikuwa na makala chache kila baada ya majuma mawili, maandishi matupu karibu yote, bila video, bila kurasa za kuchezacheza, kwa dola 1.99 kwa mwezi. Programu aliiandika mwenyewe. Kwa kuwa gharama ilikuwa ndogo, lilijilipia mapema. Mwaka uliofuata alimwuzia mhariri wake, Glenn Fleishman, na liliendelea hadi Desemba 2014, ambapo wasomaji walikuwa wamepungua mno. Miaka miwili na zaidi kidogo, sawa na The Daily au zaidi, bila kumeza dola milioni 30.

Haya, turudi Umoja, maana Mama anangoja jibu na karani wa chama anangoja saini.

Kwanza tuongeze kwenye karatasi yale yaliyosahauliwa. Apple hutoza dola 99 kila mwaka kwa anayetaka kuweka apu dukani mwao, karibu shilingi 13,000, na asipolipa apu inaondolewa. Google hutoza dola 25 mara moja tu. Maduka yote mawili siku hizi huwakata wafanyabiashara wadogo asilimia 15, si 30, mradi wajiandikishe kwa mpango huo. Kwa hiyo katika kila shilingi 100 ya msomaji, vijana watapata 85. Halafu kuna matunzo. Simu na tabuleti hupata mfumo mpya kila mwaka, na apu isiyoguswa na fundi huanza kukwama. Mimi ningetenga angalau moja kwa tano ya bei ya kutengeneza, yaani 90,000 kwa mwaka, na humo ningeweka hizo ada.

Pili, mkopo. Chama cha Mama kinatoza asilimia 1 kwa mwezi kwa salio linalopungua, kwa miezi 36. Shilingi 600,000 kwa masharti hayo ni karibu 19,900 kila mwezi, au 239,000 kwa mwaka. Jarida la karatasi lilivyo leo linabakisha 162,000 kwa mwaka, yaani 13,500 kwa mwezi. Hata faida yote ya sasa ikielekezwa kwenye mkopo, haitoshi. Na karatasi wanataka kuiacha!

Jumlisha matunzo na marejesho: 329,000 kwa mwaka. Kila msomaji wa matoleo matatu analeta shilingi 255. Gawanya, na utaona kwamba wanahitaji wasomaji 1,290 katika kila toleo, kuanzia la kwanza, ili wasipate faida wala hasara. Wao wenyewe wametabiri 200 kwa kuanzia. Wakiuza nakala 200 katika kila toleo la mwaka, mapato ni 51,000, ambayo hayatoshi hata matunzo. Marejesho ya mkopo, shilingi 239,000, yatatoka wapi? Yatatoka kwenye mshahara wa Mama, na akikwama, kwenye akiba za wale majirani watatu waliotia saini ya udhamini. Hapo ndipo jarida la wanafunzi linapogeuka kuwa jambo la mtaa mzima.

Kwa haki, niseme pia kwamba wakifikia wale 2,000 kwa kila toleo, mambo yanabadilika kabisa: 510,000 kwa mwaka, na baada ya kutoa yote wanabaki na 181,000. Kwa hivyo mkopo huu hauhusu ufundi hata kidogo. Ni dau juu ya swali moja, kama kuna watu 2,000 wenye tabuleti watakaolipa. Na mpaka leo jarida hilo, lililowekwa mezani ambapo kila mtu analiona, limeuzwa 600. Isitoshe, mauzo ya tabuleti duniani yalifika kileleni mwaka wa 2014. Mwanafunzi wa kawaida wa hapa kwetu husoma kwenye simu yake ya mkononi. Na yule mwenye duka la kutoa nakala analipia tangazo kwa kuwa jarida huzagaa penye foleni ya wateja wake. Sioni kwa nini atalipa pesa zile zile tangazo likiwa ndani ya kioo cha mtu.

Basi, Mama, usitie saini. Lakini usimfungie kijana mlango pia, kwani wazo la kuwafikia walio mbali na lango la chuo si baya hata chembe. Mpe 60,000, si mkopo, ikiwa unayo, na umpe mihula miwili.

Wewe kijana, mwanangu, sikia. Karatasi isiachwe, ndiyo inayokulisha. Kurasa hizo hizo mlizokwisha kupanga kwa mpiga chapa zigeuzeni faili ya PDF, lakini mzipange upya kwa upana wa simu, safu moja, herufi kubwa, picha zilizopunguzwa uzito. Fungueni tovuti ndogo. Jina lake na mahali pa kuihifadhi kwa mwaka havizidi bei ya jozi ya viatu vizuri. Msomaji alipe shilingi 50 kwa M-Pesa, ambayo nchi hii imeizoea tangu Machi 2007, kisha atumiwe nakala yake. Mtu atampa rafiki yake nakala bure, hilo mlijue. Hata jarida la karatasi husomwa na watu watano bwenini. Mtakachopata ni orodha yenu wenyewe ya watu waliolipa. Nambari zao zitunzeni kwa uangalifu, maana tangu mwaka wa 2019 tuna sheria ya kulinda data za watu, wala haiwasamehi wanafunzi.

Fedha zinazobaki zilipeni waandishi kitu kidogo. Hakuna apu iliyowahi kuuza makala mabovu.

Orodha hiyo ikifika majina 300 ya waliolipa mara mbili mfululizo, njooni tena na karatasi yenu, na safari hii iwe na mwaka wa pili na wa tatu. Andikeni saa za kazi pia: nani atakayepanga toleo kwa ajili ya kioo, na atachukua siku ngapi wakati mitihani imekaribia? Na msikubali kumlipa fundi 450,000 kwa mkupuo. Alipwe kwa awamu, kila awamu baada ya kuona kazi kwenye simu ya bei nafuu, si kwenye ile ya kwake. Akaunti ya dukani ifunguliwe kwa jina la jarida, na iandikwe katika mkataba kwamba programu yote pamoja na mafaili yake ya asili ni mali yenu. Fundi huyu naye ni kijana; mwakani huenda akapata kazi kwingine, na akiondoka na ufunguo, mtaanza tena na fundi mpya na bei mpya.